Barua ya wazi kwa wanangu mlioanza kazi juzi

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, ila barua haina subira.

Nilikuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji. Mkono wa kushoto ulishika kibao cha chuma, wa kulia ukichomoa herufi za risasi visandukuni bila macho kutazama, na mstari mzima ukisomwa kinyume, kama maandishi kwenye kioo. Kisanduku cha "a" ndicho kilichokwisha upesi, maana lugha yetu haishibi "a". Kisha ikaja kompyuta. Meneja alituita, akasema inakuja kutusaidia. Hakusema uongo: iliwasaidia waliobaki. Siku nilipomwona binti mdogo akimaliza kwa dakika chache ukurasa uliokuwa ukinila mchana kutwa, nilijua vidole vyangu vimestaafu kabla yangu.

Sasa zamu ni yenu, mnaojibu wateja kwa simu, mnaoingiza hesabu, mnaotafsiri, mnaopanga mizigo ghalani. Na wanaowatisha kwamba mashine zitawanyang'anya kazi hawaafikiani hata wao kwa wao. Mwaka 2013 watafiti Frey na Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kuwa asilimia 47 ya ajira za Marekani zimo katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Mwaka 2016 utafiti wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizo tajiri, ukatazama majukumu yaliyomo ndani ya kila kazi, ukapata asilimia 9. Mashine mara nyingi haimezi kazi nzima, huimega. Lakini msifurahi mapema. Ikimegwa nusu, watu wawili huwa mmoja.

Mimi swali langu ni jingine: nauli ya kuvuka kutoka kazi ya zamani hadi mpya italipwa na nani?

Kuna wanawake wa Marekani waliokuwa wakiunganisha simu kwa mkono, wakichomeka waya tundu hadi tundu. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, mji baada ya mji, mitambo ikaichukua kazi ile. Mabinti waliofuata hawakukosa pa kwenda. Walipata kazi za ofisini na za mikahawani. Waliokuwa tayari kwenye viti ndio walioumia: miaka kumi baadaye, wengi wao kuliko wenzao wa kazi nyingine walikuwa wameshuka mshahara au hawana kazi kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "soko litajirekebisha", kubali, kisha muulize litajirekebisha kwa ajili ya nani.

Makuli wa bandari za pwani ya magharibi ya nchi hiyohiyo waliuliza mapema. Makontena yalikuwa yameanza safari mwaka 1956, na kiongozi wao, Harry Bridges, aliona hayazuiliki. Mwaka 1960 chama chao kikawekeana mkataba na waajiri: leteni mashine, lakini wanachama wasiachishwe kazi, na takribani dola milioni 5 kila mwaka ziende kwenye mfuko wa pensheni na wa kulinda mapato yao. Mkataba haukuwa safi. Wale wa daraja la B, wasiosajiliwa kikamilifu, waliachwa nje ya sehemu kubwa ya neema ile. Hilo nalitaja kwa sababu wengi wenu ndio daraja la B la leo: mikataba ya miezi mitatu, malipo kwa kipande.

(Kuvunja mashine hakufai. Mwaka 1812 Bunge la Uingereza liliwatungia wavunjaji sheria ya kunyongwa.)

Wiki hii andikeni kila mnachofanya, saa kwa saa. Wekeni alama penye kurudiarudia, halafu mtazame kinachobaki: kumtuliza mteja aliyekasirika, kushuku namba inayopendeza mno, kuweka jina lako chini ya uamuzi. Sogeeni huko. Ila msiende peke yenu, maana ujuzi wa mtu mmoja haumtishi mwajiri. Na wanaojifunza kazi msiwasahau. Kazi zile ndogo ndogo zinazopewa mashine kwanza ndizo zilizotufundisha sote.

Siku mtakayoitwa kuonyeshwa mfumo mpya, ulizeni mbele ya wote: nani atafundishwa, kwa saa za nani, faida itagawanywaje, na wa mkataba wa muda wamo? Tena yaandikwe. Sisi siku ile, meneja alipomaliza kusema, tulipiga makofi.

Mzee wenu,
mpanga herufi mstaafu