Meza ya maji itungojee na sisi wa mwisho

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nafasi yenyewe ni ndogo na mimi maneno mengi, ila hili jambo la meza za maji kufungwa kwenye mbio kabla sisi wa mwisho hatujapita limenikaa tangu mwaka jana na nikiendelea kuwasimulia wateja wangu tu hapa kibandani halitafika popote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina miaka 51, wajukuu wawili, na nina kisukari aina ya pili. Nilikijua mwaka 2019, tarehe 14 Novemba ile siku ya kisukari duniani, kulikuwa na watu wanapima bure karibu na soko nikaenda kumsindikiza jirani yangu maana yeye ndo alikuwa na wasiwasi na hali yake, yeye akakutwa mzima, mimi msindikizaji ndo nikaambiwa mama hebu kaa hapa kwanza. Sukari 17. Nikasema nimetoka kunywa soda, yule dada akacheka akasema mama, 17 sio ya soda. Kumbe kule kuamka usiku mara tano kwenda chooni nilikuwa nasingizia baridi, na nyie mnajua Mbeya mtu akiumwa chochote ni baridi.

Kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima, mguu tu ndo unacheza kwenye pedeli, siku hizi hata pedeli hakuna ni mota. Kliniki wakanipa vidonge vya kushusha sukari, metformini na baadaye glibenklamidi, wakasema na mazoezi mama. Nikaanza kutembea mpaka Mafiati na kurudi, halafu nikajiunga na wenzangu wa jogingi Jumamosi, nikawa nabaki nyuma nyuma huko naongea peke yangu, mwaka wa pili nikaona kumbe naweza kukimbia kutoka Ilomba mpaka Uyole bila kusimama. Sasa hivi najiandaa na ile kubwa, kilomita 42 na mita 195, ya Moshi, zile mbio za Kilimanjaro za kila mwaka. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa lakini ndo anayenipasulia mayai ya kuchemsha nikirudi.

Ratiba yangu siyo ya kitaalamu. Jumanne na Alhamisi saa 11 alfajiri, Jumapili ndo ndefu, natoka Uyole napandisha Igawilo kuelekea Isyonje, mlima ule ukiuweza Juni na Julai na baridi yake nadhani Moshi utapumua tu vizuri kwa sababu wao wako chini kuliko sisi, ingawa naambiwa joto lao ni habari nyingine. Njia kuu sasa hivi naikwepa, ule ujenzi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi ni jambo zuri sana sipingi, ila vumbi na malori ya Zambia na Kongo yanapishana mpaka unasikia upepo wake sikioni.

Sasa niwaambie kitu ambacho watu hawakijui kuhusu kisukari. Kila mtu anajua sukari kupanda. Ukisema una kisukari mtu anakunyang'anya hata chungwa. Ila ukikimbia masaa mawili na una dawa kama hiyo glibenklamidi mwilini tatizo linageuka, sukari inashuka, misuli inaivuta na dawa nayo inaishusha, ikifika chini ya 4 unaanza kutetemeka, jasho la baridi, macho yanaona ukungu, mdomo unakuwa mzito, hata hasira zinakupanda bila sababu. Hapo maji matupu hayasaidii, wala zile soda za wenye kisukari zisizo na sukari hazisaidii, unatakiwa sukari yenyewe, kama vijiko vitatu vya chai, au glukosi, au nusu chupa ya soda ya kawaida, ukae dakika 15 upime tena. Na isipodhibitiwa mtu anazimia, na kuzimia pembeni ya barabara ya malori sihitaji kueleza.

Mwaka jana nikaenda kukimbia kilomita 21 kwenye mbio moja ya mikoa yetu hii ya nyanda za juu kusini, jina la mbio naliacha maana nia yangu sio kumchafua mtu. Tangazo lilisema kila kilomita tatu kuna maji na soda. Nikaamini, na hapo kosa ni langu sikatai, nikabeba pipi tatu tu kwa sababu nilikuwa na mfuko mdogo. Tumeanza saa 12:30 asubuhi, kilomita ya kumi meza ipo, maji yapo, soda zimeisha. Sawa. Nikala pipi. Kilomita ya 13 nakuta vijana wanapakia meza kwenye kirikuu. Nawauliza wanangu maji yako wapi, mmoja anasema mama tumefunga, wale wamefika zamani. Wale! Yaani mimi na wenzangu kama ishirini hivi tuliokuwa bado njiani sio wale. Chupa tupu zimejaa chini, nyingine zimefunguliwa mtu kajimwagia kichwani kasonga mbele.

Nikaendelea, nikala pipi ya pili na ya tatu. Karibu na kilomita ya 16 mikono ikaanza. Nikamwona kijana wa reflekta, msimamizi, nikamfuata nikitaka kumwambia nisaidie soda, mdomo haunyooki, nayumba, jasho linanitiririka. Akaniangalia akasema, mama na wewe umepiga komoni asubuhi yote hii? Wenzake wakacheka. Simlaumu sana maana hakuna aliyemfundisha, mtu wa sukari iliyoshuka na mlevi wanafanana kweli, lakini mhariri mimi nimeokoka sijui pombe tangu nasoma. Nikakaa chini kwenye jiwe nikaanza kulia, na kulia kwenyewe nadhani ilikuwa sukari.

Aliyeniokoa ni dereva bodaboda aliyekuwa pale kijiweni anakunywa soda yake ya machungwa. Nilikuwa nimenyoosha kidole tu kwenye chupa. Akaelewa, au alinionea huruma tu, akanipa ile chupa aliyokuwa ameshainywa nusu, nikaimaliza bila hata kufuta mdomo wa chupa. Glukometa, kile kipimo cha sukari, nilikuwa nayo, nikajipima kabla hata haijafanya kazi ikasoma 2.9, nikasubiri dakika zangu 15 nikapima tena 4.6. Nikamwambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka akasema bibi kumbe wa kwetu Tukuyu. Nikamaliza kwa kutembea. Pale mwisho lile geti la upepo limeshalala chini wanalikunja kama turubai, medali zimeisha. Medali niliitaka, nisiseme uongo, nimelipia kiingilio sawa na wa kwanza.

Nilivyorudi nikafanya kinachowezekana upande wangu. Daktari wangu wa kliniki tulikaa naye akanipangia upya dawa za siku ya mbio ndefu, na hapo naomba wasomaji wenye kisukari msiige tu mkaacha dawa kwa sababu mama fundi kasema kwenye gazeti, kila mtu na dawa zake nendeni mkaulize kwenu. Napima kabla sijatoka, ikiwa chini ya 5 nakula kwanza ndizi na nasubiri. Napima na jioni, na kabla ya kulala pia, maana sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya mbio ndefu, unalala mzima. Stripu za kupimia zinanila, pakiti moja ni hela ya kushona magauni mawili, kwa hiyo kuna siku naruka na siku hizo sikimbii mbali.

Nimejishonea mkanda wa jinzi wenye mifuko minne ya zipu, glukosi ya unga, pipi, tende na glukometa. Na nyuma ya fulana nimedarizi kwa uzi mwekundu: NINA KISUKARI, NIKILEGEA NIPENI SODA. Vijana wa bajaji pale Kabwe wakiniona asubuhi wanapiga kelele mama soda! mama soda! na mimi nawapungia. Mmoja aliniuliza ni tangazo la kampuni gani. Ila tangu nivae hiyo fulana watu wanne tofauti wamenifuata sokoni kwa sauti ya chini kuniambia na mimi ninacho, na mmoja ni mwalimu wa michezo, nikashangaa.

Miguu nayo ni somo lake. Kisukari kikikaa kinakula hisia za nyayo, unaweza kukanyaga kitu usijue mpaka unaona damu kwenye soksi. Raba zangu nanunua mtumba pale Sido, za mbio nzuri kabisa za ulaya unazipata, lakini kabla ya kuvaa naingiza mkono ndani napapasa, kokoto, mshono uliochomoza, chochote. Mwaka juzi lengelenge la kidole gumba lilichukua wiki sita kupona, wiki sita nimekaa kwenye cherehani namkasirikia kila mteja. Sasa jioni naangalia nyayo kwa kioo kidogo kile cha kunyolea cha mume wangu, analalamika.

Turudi kwenye hoja yangu. Tunapenda mbio siku hizi, kila mkoa una marathoni yake na ni vizuri. Mkimbiaji wetu Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 tulishangilia hapa sokoni mpaka mafundi wa jirani wakazima mashine, masaa mawili dakika tisa sekunde 48, sawa sawa na Mjerumani aliyemfuata wakatenganishwa kwa picha. Mimi hesabu yangu ya Moshi ni masaa sita nikijitahidi. Simbu akimaliza mimi sijafika hata katikati. Lakini nauliza, ni nani kati yetu anayehitaji zaidi meza ya kilomita ya 35?

Na kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu. Nimesikia kwenye hotuba za ufunguzi zaidi ya mara moja mgeni rasmi akimtaja mzee wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, alivyoumia goti akafungwa bandeji akaingia uwanjani wa mwisho, wa 57 kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wameshaanza kuondoka. Watu wanapiga makofi. Halafu hotuba ikiisha, vijana wanaenda kupakia meza kwenye kirikuu kabla wa mwisho hajapita. Akhwari angekimbia mbio zetu asingekuta hata kikombe.

Sisemi barabara ifungwe kutwa, najua trafiki wanatoa muda na ile barabara ndo inayobeba mizigo ya nchi tatu, muda ukiisha tukimbilie pembeni kwenye nyasi hakuna shida, tumezoea. Sisemi na soda za kila mtu ziwepo mpaka jioni. Nasema hivi, pawepo na mtu mmoja wa baiskeli au pikipiki anayetembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho kabisa, ana maji, ana katoni ya soda ya kawaida au pakiti mbili za glukosi, na meza yoyote isiguswe mpaka yeye apite. Basi. Katoni moja haizidi bei ya bango moja la wadhamini. Na fomu ya kujiandikisha ambayo inatuuliza saizi ya fulana iulize pia una ugonjwa gani na namba ya simu ya mtu wako, hiyo namba iandikwe nyuma ya ile karatasi ya kifuani, pini zenyewe mnatupa nne. Na wasimamizi waambiwe hata kwa dakika tano, mtu akiyumba msimnuse mdomo kwanza, mpeni kitu kitamu.

Wenye pumu, wenye presha, wenye kifafa nao wapo huko nyuma, nawajua, tunakimbia pamoja tunapigana stori. Wengine hawasemi wanaogopa watakatazwa kukimbia.

Kama kuna waandaaji wanaosoma hapa na wanaona gharama, hiyo reflekta ya mtu wa mwisho nitaishona mimi bure, na mfuko wa mgongoni wa kubebea soda pia, ukubwa wowote. Kitambaa waje nacho, na waniambie wiki mbili kabla, Desemba nina sare za shule.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya