Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujatia Sahihi

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako jana usiku, na leo baada ya sala ya alfajiri nimeirudia. Mchapishaji anataka kukulipa mara moja tu na kuchukua hakimiliki yote ya mswada wako, nawe unaelekea kukubali, kwa kuwa hujawahi kuona mtu akitoa fedha kwa ajili ya maandishi yako. Naielewa furaha hiyo. Hata hivyo, naomba nikusimulie habari za Jane Austen, yule mwandishi wa Uingereza niliyemfundisha darasani miaka mingi, maana hesabu zake za fedha hunigusa kuliko hata mapenzi yaliyomo katika riwaya zake.

Mwaka 1803 mswada wake mmoja uliuzwa kwa pauni 10, na mnunuzi akakaa nao bila kuuchapisha. Miaka 6 baadaye Jane alimwandikia, akijificha nyuma ya jina la bandia, akajibiwa kwamba akiutaka airudishe bei ileile. Mswada ulikombolewa mwaka 1816, naye akafariki Julai 1817, akiwa na umri wa miaka 41, kabla kitabu hicho hakijatoka.

Ninayo picha ya kimeza chake cha kijijini Chawton, alikohamia mwaka 1809: kidogo, chenye pande 12, hakitoshi zaidi ya karatasi na kidau cha wino. Kutoka nyumba hiyo alitoa riwaya ya Sense and Sensibility mwaka 1811, bila jina lake, kwa makubaliano kwamba hasara ikitokea ni yake. Nakala zote ziliisha, akapata pauni 140, na hakimiliki ikabaki mkononi mwake. Lakini kabla hajaiona faida hiyo alikwisha kuuza hakimiliki yote ya Pride and Prejudice kwa pauni 110, ingawa alitaka 150. Riwaya hiyo ilitoka Januari 1813, ikachapishwa tena mwaka huohuo, naye hakuongezewa hata senti. Hapo ndipo ninapokuona wewe, mwanangu.

Baadaye alikataa pauni 450 alizopewa kwa hakimiliki za riwaya 3. Sitakuficha kwamba uamuzi huo haukumletea utajiri: hasara ya toleo la pili la riwaya yake Mansfield Park ilikatwa kwenye faida ya riwaya nyingine, Emma, akapokea chini ya pauni 40. Bado naamini alifanya vyema, kwa sababu kazi ilibaki yake. Tena, kwa kuwa hakuolewa, fedha hizo zilikuwa zake kisheria, ilhali kipato cha mke wa zama hizo kilikuwa mali ya mume. Mary Linwood naye, msanii aliyenakili michoro mashuhuri kwa sindano na nyuzi za sufu, hakuolewa, na kuanzia mwaka 1809 alikuwa na ukumbi wake London ambako watu walilipa kiingilio kutazama kazi zake.

Njoo Ijumaa na mkataba wenyewe tuusome pamoja, kifungu kwa kifungu. Nataka kuona kama wametaja mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, kwa kila nakala, hakimiliki inarudi kwako baada ya miaka mingapi, na watafanya nini wasipochapisha. Mswada halisi usiutoe mkononi hadi hapo.

Ni mimi mama yako akupendaye.