Barua ya wazi kwa manahodha na mabaharia vijana wa Lamu

Assalaam aleikum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoshinda gatini mkisubiri wageni wa kuwapeleka Shela, Manda na Takwa, kwa kuwa nimewasikia mkiulizana kwa nini mtu atoe fedha nyingi kuja kuyatazama maji ambayo nyinyi mnayaona kila siku na hayawaambii lolote. Swali hilo ni zito, na jawabu lake linahusu raha ya nyoyo zenu wenyewe.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dacher Keltner na Jonathan Haidt, walieleza kwamba mtu hustaajabu anapokabiliwa na jambo kubwa lipitalo vipimo alivyovizoea, hata akili yake ikalazimika kujipanga upya ili ilipokee. Wapo watu wanaoguswa hivyo upesi na mara kwa mara, na wapo ambao ni nadra kuguswa. Mwaka 2012 Melanie Rudd na wenzake walionyesha kwamba aliyestaajabu huhisi ana wakati wa kutosha, huwa tayari zaidi kuutoa wakati wake kwa ajili ya wengine, na kwa kitambo hicho huridhika zaidi na maisha yake. Mimi silioni hilo kuwa geni, kwani dhiki zetu nyingi hutokana na kujipima: nani amenipita, nani amenunua injini mpya, nani amejenga ghorofa. Moyo ukishikwa na jambo kubwa, hesabu hizo hunyamaza.

Chukueni bamvua, yale maji makubwa yajaayo na kupwa kuliko siku nyingine, jambo mnalolijua vizuri, kwa sababu asiyelijua hukwama na wageni wake katikati ya mikoko ya Takwa. Mwezi ulio umbali wa takriban kilomita 384,000, ukisaidiwa na jua wakati wa mwandamo na wa mwezi mpevu, huyainua maji yetu takriban mita 3 na kuyashusha tena, mara mbili kila usiku na mchana, nanyi mmejifunza saa yake mkaishia hapo. Tena usiku wa kiza tieni kasia majini taratibu pembezoni mwa mikoko. Mara nyingine maji humetameta kwa viumbe wadogo mno ambao hutoa mwanga wa buluu wakitikiswa, na tone linalodondoka kwenye ncha ya kasia huwasha duara dogo pale linapoangukia. Nimemwona mgeni akilia kwa kuliona hilo, na baharia aliyeshika kasia akiangalia simu.

Msiseme kwamba mazoea yameshawafunga, kwa maana tabia hii ya kustaajabu hufundishika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, Virginia Sturm na wenzake huko San Francisco waliwaomba wazee watembee dakika 15 kila wiki kwa wiki 8, na kundi moja likaelekezwa kuyatazama yote kwa macho mapya. Kundi hilo lilizidi kuhisi furaha na huruma kwa watu, na dhiki zao za kila siku zikapungua. Hata katika picha walizojipiga, wiki baada ya wiki sura zao zilichukua nafasi ndogo zaidi, mandhari ikaongezeka.

Sisemi kwamba kustaajabu hulipa karo ya mtoto au deni la dukani. Wala si kila mshangao huleta raha, kwani aliyekumbwa na dhoruba ya kusi nje ya mlango wa bahari ameuona ukubwa huo kwa hofu, na watafiti nao wamekuta kwamba mshangao wenye tishio ndani yake hauleti utulivu ule ule.

Ninachowaomba ni kwamba jioni mkirudi kutoka Manda mzime injini na muziki kwa dakika chache, hata kama hapana mgeni chomboni. Na mtoto anayejifunza ubaharia kwenu, mwonyesheni Kilimia kabla hamjamfundisha bei ya safari. Mwambieni kwamba nyota zile zilizaliwa pamoja, na kwamba nuru inayomfikia usiku huo ilitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, kabla ngome yetu haijajengwa, kisha mngojeeni amalize maswali yake.

Wassalaam,
Mzee wenu, Langoni, Lamu