Barua kwa Zawadi: binti wa miaka 16 na mahakama za Texas

Mpendwa Zawadi,

Salamu kwako na kwa watoto. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu yule binti wa miaka 16 anayekaa kwa shangazi yake hapo Fort Worth, Texas, aliyeambiwa na binamu wa California kwamba hata mtoto wa miaka 14 anaweza kutangazwa na mahakama kuwa anajitegemea kisheria, yaani ahesabiwe kama mtu mzima kabla ya miaka 18. Binamu hakudanganya, ila hiyo ni sheria ya kwao. Kila jimbo lina yake, na binti ataanzia na ya pale anapoishi.

California hupokea ombi kuanzia miaka 14, mradi mtoto anaishi mbali na wazazi, nao wameridhia au wamenyamaza tu, anasimamia fedha zake, na kipato chake hakitokani na uhalifu. Texas ni miaka 17, au 16 kwa anayeishi mbali na wazazi, tena awe anajikimu. Florida ni 16, lakini huko anayefungua ombi ni mzazi au mlezi!

Huyo wako atafungua ombi katika kaunti anayoishi, kwa jina lake mwenyewe. Ataje umri, makazi, wazazi walio hai na wanapoishi, kwa nini jambo hili lina manufaa kwake, na kama analitaka kwa mambo yote au kwa jambo moja tu, mfano mkataba wa pango. Kikwazo kiko hapa: Texas inataka mzazi alithibitishe ombi hilo, yaani aape kwamba yaliyomo ni kweli. Mzazi asipopatikana, huthibitisha wakili anayeteuliwa na mahakama. Wakili huyo huteuliwa kwa kila mwombaji. Ada isimtishe, kwani ipo fomu ya kuapa kwamba hana uwezo wa kulipa.

Kabla ya yote, mkalishe chini aandike bajeti. Tuseme anafanya kazi saa 20 kwa wiki kwa dola 12: ni dola 240, yaani kama 1,040 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato. Toa chumba, chakula, simu, nauli, kisha uone kinachobaki. Kama chumba na chakula vinatoka kwa shangazi, hapo hajajikimu, hata kama hajalala kwa mama yake mwaka mzima. Ombi lenye kurasa tatu za ukali wa baba bila hata karatasi moja ya mshahara ni dhaifu, maana jaji anatazama anavyoishi sasa. Aje na hati za malipo, risiti za pango na taarifa za benki.

Na ajue anachokipoteza. Akikubaliwa kwa mambo yote, mkataba anaosaini unambana, deni ni lake, na matunzo ambayo mzazi aliamriwa kulipa hukoma. Kura bado ni miaka 18, pombe 21.

Kwa maoni yangu, huenda hahitaji haya yote. Ikiwa shida ni shule na hospitali, na hakuna amri ya mahakama juu yake, Texas ina hati ya idhini ambayo mzazi na shangazi wanaisaini mbele ya notari (ofisa anayeshuhudia viapo na saini), na shangazi anaweza kumwandikisha shule na kukubali matibabu. Tena mtoto wa miaka 16 anayeishi mbali na wazazi na kusimamia fedha zake anaweza kujikubalia matibabu bila kwenda mahakamani.

Lakini kama anapigwa, acha fomu hizi kabisa. Hiyo ni taarifa ya kutolewa leo kwa idara ya ulinzi wa watoto, na huko hakuna anayemuuliza mshahara.

Niandikie mama yake yuko wapi na kama yuko tayari kusaini. Nikilijua hilo nitakwambia tuanze na karatasi ipi.

Wako,
Rehema