Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kabla ya mabehewa tudai pa kupishania

Wanachama wenzangu, abiria wa laini ya treni ya Kampala hadi Namanve, salamu kwenu nyote, wa Nakawa, Kireka, Namboole mpaka kule mwisho. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu mkiwa mmesimama na kiwiko cha mtu mbavuni, kwa hiyo sitazunguka.

Ya pesa kwanza tuyamalize. Mhazini ataleta hesabu kamili mkutanoni, ada zimeingia kidogokidogo kama kawaida yetu, zimetumika kuchapa barua na nauli za wajumbe, hakuna aliyekula posho. Anayedaiwa anajijua.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka mzima mnanipigia kelele moja tu, Mwenyekiti sema waongeze mabehewa. Nawaelewa kabisa, maana jamu ya Jinja Road mnaijua, na mama anayewahi sokoni Nakawa hawezi kulipa boda kila asubuhi. Na si kwamba treni hii watu wanaijaribu tu. Ilianza Desemba 2015 enzi za RVR, kampuni iliyokabidhiwa kuendesha reli, ikishirikiana na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, alafu mkataba wa RVR ukavunjwa, 2018 URC, shirika la reli la Uganda, wakairudisha relini, corona ikaisimamisha, 2023 ikasimama tena kupisha ukarabati wa reli ya Kampala hadi Mukono, 2024 ikarudi. Treni inayokatwakatwa hivyo na bado kila ikirudi watu wanaikimbilia, mwenye akili anaelewa abiria wapo, hamna haja ya kufanya utafiti mwingine.

Lakini mabehewa peke yake hayatutoi, na hapa najua kuna wenzangu kwenye kamati hatukubaliani. Hebu fikirieni. Reli yetu ni njia moja tu, ile ya mita moja upana iliyofika Kampala 1931, na juu ya hiyo hiyo inapita mizigo inayotoka Malaba mpakani na Kenya, kuna depo ya makontena Mukono, kuna mabehewa ya kwenda bandari ya Port Bell kupanda meli. Nyumba yenye mlango mmoja hata ukijenga vyumba kumi watu watasukumana pale pale mlangoni. Tuseme safari ya upande mmoja inakula dakika 45, ikifika mwisho kichwa cha treni kinafunguliwa, kinazungushwa, kinafungwa upande wa pili, breki zinapimwa, hapo robo saa imeenda. Kwenda na kurudi na kugeuza tena ni saa 2 kamili, kwa hiyo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi treni moja haimalizi hata mizunguko miwili. Ukiongeza mabehewa mawili hujaongeza hata safari moja, umerefusha tu ile ile, alafu behewa la nyuma linaangukia nje ya jukwaa na mzee wa watu anarukia kokoto.

Tunachotaka ni treni ya pili, na treni ya pili inataka mahali pa kupishana katikati, kama Kireka au popote mainjinia watakapoona panafaa, reli ya pembeni yenye urefu wa kutosha na swichi zinazofanya kazi. Hiyo tu. Sio reli mbili mpaka Mukono, hiyo bajeti tusijidanganye. Ukiwa na pa kupishania, ya kuja mjini inapishana na inayokwenda Namanve, na msisahau kule kuna viwanda, vijana wanaofanya kazi huko asubuhi wanatoka mjini kwenda nje, kwa hiyo treni inayorudi sio lazima irudi na viti vitupu. Hili watu wetu wengi hawalisemi maana kila mtu anaangalia upande anaokaa yeye.

La pili ni treni za DMU, zile zenye chumba cha dereva mbele na nyuma, dereva anashuka anatembea upande wa pili anaondoka, hamna kuzungusha kichwa. Nairobi walinunua zilizotumika kutoka Spain 2020 na zinawabeba. Dar nao walianza treni ya mjini 2012 kwa vichwa na mabehewa ya kawaida tu, kwa hiyo mtu asituambie lazima tungoje kitu kipya kabisa.

Kuna wanaosema tusubiri SGR, ile reli mpya pana. Mkataba wa Malaba mpaka Kampala, kilomita 272, ulisainiwa Oktoba 2024 na Yapi Merkezi, kampuni ya Uturuki, ni jambo zuri, ila ile hasa ni ya mizigo na safari ndefu, haijengwi kwa ajili ya mtu wa Kireka mwenye kikapu. AFCON ya 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Tanzania, na uwanja wa mpira wa Namboole uko hapo hapo kando ya reli, hiyo ndo hoja ya kuwapelekea wakubwa mwaka huu kuliko machozi yetu.

Barua tuliandika. Ofisi moja ilitupokea vizuri, chai na kila kitu, nyingine mpaka leo inatuambia faili liko kwa bosi. Tutaendelea kugonga.

Hiace ya taksi inabeba abiria 14, behewa linalokalisha watu 80 linaondoa karibu taksi 6 barabarani, hesabu hii kila mjumbe aende nayo kwa diwani wake, maana barabara wanaielewa kuliko reli.

Kwenye mkutano mkuu kutakuwa na kura moja: barua ijayo iombe mabehewa kwanza au pa kupishania kwanza. Mimi nimeshasema upande wangu, makamu wangu atasema wake, naye ana hoja, anasema mabehewa yanapatikana haraka na watu wanaumia sasa hivi. Atakayekuwa hajalipa ada hapigi kura, msije kunililia mlangoni.