Fungueni tanbihi: barua ya wazi kwa wahakiki vijana wa Lindi na Mtwara

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nawaandikia nyinyi mliotoka madrasa za Mikindani, Lindi, Kilwa Kivinje na Newala, mkaenda vyuo vikuu, na sasa wahariri wa majarida wanawaletea miswada ya taaluma za Kiislamu muihakiki. Ni heshima, na inatufurahisha sisi wazee. Lakini baadhi ya ripoti mnazorudisha zinatia aibu.

Kuna ripoti ya mistari mitatu: makala ni nzuri, ina aya na hadithi nyingi, ichapwe. Kuna nyingine ya kurasa nne, na zote nne zinamsomesha mwandishi kwamba maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Makala yenyewe haikuuliza hukumu ya maulidi. Iliuliza yalifikaje vijiji vya bara ya Lindi. Mmoja kasifu, mwingine kagomba, na wote wawili hawakufungua hata tanbihi moja.

Sielewi inakuwaje. Nyinyi ndio mliofundishwa sanad, yaani isnadi, ule mnyororo wa wapokezi wa habari. Mmesoma katika utangulizi wa Sahih Muslim neno la Abdullah bin al-Mubarak, kwamba isnadi ni sehemu ya dini, na lau si isnadi mtu yeyote angesema alitakalo. Mnalisoma kwa sauti nzuri kabisa. Ukifika mswada wenye tanbihi sitini, mnazipita kama mtu anavyopita kaburi usiku.

Tuchukue Kilwa, maana hakosekani mtu wa kuandika juu ya Kilwa. Mwandishi anasema, "Tarikh ya Kilwa inaeleza kuja kwa Washirazi," na tanbihi yake inataja kitabu cha shule. Simama hapo. Tarikh hiyo, historia ya zamani ya masultani wa Kilwa, imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno ndani ya kazi ya João de Barros iliyochapwa mwaka 1552, na maandishi ya Kiarabu yaliyochapwa na Arthur Strong mwaka 1895. Njia hizo hazikubaliani katika majina ya masultani wala katika miaka yao. Mwandishi asiyesema ametumia ipi hana tofauti na mpokezi anayesema "nimesikia" bila kusema kwa nani. Kisha muulize habari za sarafu. Mwanaakiolojia Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alimweka Sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 ikapatikana akiba ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11, maana yake Ali huyo ni wa zamani zaidi ya 1200. Makala inayorudia 1200 leo bila kuigusa akiba hiyo imeandikwa na mtu aliyeacha kusoma zamani, na mhakiki ndiye wa kumwambia, kwa adabu.

Na Ibn Battuta naye, yule msafiri wa Morocco! Alifika Kilwa mwaka 1331. Waandishi wanapenda kunukuu kwamba Kilwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, halafu wanaishia hapo. Maneno yanayofuata yanasema mji wote ni wa mbao. Neno "mbao" linawasumbua kwa sababu Msikiti Mkuu wa mawe upo pale na jumba la mawe la Husuni Kubwa lipo, basi wanalikata. Mhakiki aliyefungua Kiarabu chake atauliza: mbona umekata? Tena atamkumbusha kwamba safari ile iliandikwa na Ibn Juzayy kwa kusimuliwa, zaidi ya miaka ishirini baada ya msafiri kuondoka hapa. Kumbukumbu ya miaka ishirini inafaa kuwa ushahidi, ila hupimwa.

La karibu zaidi ni ile barua ya Makka ya mwaka 1908 iliyowatia Wajerumani kiwewe pale Lindi. Ikija makala inayoitaja, uliza nakala ipi. Mwandishi ameisoma kwa Kiarabu, au amesoma tafsiri ya ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta fitina? Barua ile ni ya jamii ya wasia unaonasibishwa na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, na wasia huo umenakiliwa mara nyingi katika nchi nyingi. Hauwezi kutumika kama hati moja iliyotiwa saini siku moja mahali pamoja. Na niseme lililo moyoni: wasia uleule bado unazunguka kwenye simu zenu, "watumie watu ishirini," na walio na shahada wanautuma. Jamii inayosambaza kabla ya kuuliza itazaa wahakiki wa namna gani?

Sasa kazi yenyewe. Usiusome mswada mara moja. Mara ya kwanza soma bila kalamu mpaka mwisho, kisha andika kwa sentensi moja mwandishi anadai nini. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, mara nyingi kosa ni la mswada, na hilo ndilo jambo la kwanza katika ripoti yako. Mara ya pili ingia kwenye tanbihi. Zikiwa sitini, chagua kumi: mbili za Qur'ani, tatu za hadithi, tatu za vitabu, mbili za nyaraka au mahojiano. Zifungue zote kumi, ukurasa kwa ukurasa. Tatu zikikosea, usiendelee kusahihisha. Mwandikie mhariri kwamba rejea hazikuhakikiwa na mswada urudi kwa mwenyewe. Siku hizi yapo hata marejeo ya vitabu visivyokuwepo duniani, yaliyotungwa na programu za akili bandia: jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, makala haipo. Utayagundua kwa kutafuta tu, hayagunduliki kwa kukisia. Na wewe mwenyewe usiupakie mswada wa mtu kwenye programu hizo zikuandikie ripoti. Umepewa amana.

Kwenye Qur'ani, angalia namba za aya. Vitabu vya zamani vya Ulaya vilifuata chapa ya Qur'ani ya Mjerumani Flügel ya mwaka 1834, ambayo hesabu yake hupishana kwa aya kadhaa na mus-haf wa Cairo wa mwaka 1924. Mwandishi akinakili namba kutoka huko, aya yake itakuwa siyo. Tafsiri ya Kiswahili nayo itajwe ni ya nani, maana ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy na ya Godfrey Dale hazikuandikwa kwa kusudi moja. Kwenye hadithi, namba peke yake haitoshi kwa sababu chapa zinatofautiana. Dai kitabu na mlango. Na pale anapojenga hoja nzima juu ya "tafuteni elimu hata China," mkumbushe kwamba Ibn al-Jawzi aliiweka katika hadithi za kuzushwa. Anaweza kuijadili kama msemo ulioenea. Kuiegemea kama neno la Mtume ni jambo jingine.

Tarehe za Hijria zinawaangusha wengi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo hujumlishi 622 ukamaliza. Zidisha kwa 0.97 kwanza, ndipo ujumlishe. Mwaka 1326 ukijumlishwa vivi hivi unatoa 1948. Ukihesabiwa sawasawa unatoa 1908. Mswada mmoja unaweza kumtoa mtu kwa Mjerumani ukamweka kwa Mwingereza kwa kosa hilo tu.

Herufi: mwandishi achague utaratibu mmoja wa kuandika Kiarabu kwa herufi za Kirumi aushike. Qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu mambo ni magumu zaidi, kwani ba ya maandishi ya zamani inasimamia b, p na mb, na neno lilelile laweza kuwa bata, pata au mbata. Aoneshe maandishi yalivyo kabla ya usomaji wake.

Mahojiano: ridhaa, mahali, tarehe, lugha, na kibali cha utafiti. Makala ya dhikri za wanawake isiyo na sauti ya mwanamke hata mmoja irudishwe.

Nirudi kwa wale wa kurasa nne za bidaa. Tazameni mpimaji wa ubora ghalani msimu wa korosho. Huchota katika magunia, hupasua, hutazama kiini, hupima unyevu. Haulizi mkulima anasali na nani. Mwandishi awe Qadiri, Ansar, Shia, Ahmadiya au Mkristo wa Masasi, swali lako ni kama ushahidi wake unabeba dai lake. Mna haki ya kuwa na msimamo, na mna minbari za kuusemea. Ripoti ya uhakiki si minbari. Tena wenzenu wa upande wa pili nao wafanya hayohayo: wanapitisha makala mbovu kwa kuwa imemtaja sheikh wao kwa heshima.

Huku kwetu wasomi tunajuana, nusu ni ndugu na nusu ni watani. Ukimtambua mwandishi kwa mtindo wake, mwambie mhariri siku hiyohiyo, yeye ataamua. Ukiwa hujui Kiarabu au Kijerumani cha nyaraka zake, sema. Ukiona huna nafasi, kataa ndani ya siku tatu. Kukaa na mswada wa mtu miezi sita kisha kuutolea mistari mitatu ni dhuluma. Usimlazimishe ataje makala zako.

Ripoti iwe kurasa mbili hivi. Aya ya kwanza ieleze mswada unasema nini, mwandishi aone umesomwa. Kisha makosa makubwa kwa namba, kila moja na ukurasa wake na njia ya kulitengeneza. Madogo yaje mwisho, na ya tahajia yasizidi machache, hiyo ni kazi ya mhariri. Pendekezo la kuchapa, kurekebisha au kukataa liende kwa mhariri peke yake. Maneno kama "mjinga" na "mpotovu" yafute, mkiweza ilazeni ripoti usiku mmoja kabla ya kuituma.

Na kabla ya kubonyeza, fungua taarifa za faili la Word ufute jina lako. Mhakiki aliyefichwa kwa makini na mhariri amejulikana mara nyingi kwa sababu hiyo tu.

Wassalaam,
Mzee wenu, Mikindani