Kabla hujanunua ubao mwingine, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa chumba chako cha kutengenezea magitaa. Maswali yako ya misumeno na gundi nimeyasoma, nitayajibu barua ijayo. Kilichonishtua ni mstari mmoja uliouandika juujuu, kwamba mbao utazipanga darini, chini ya bati, kwa kuwa kule kuna joto na zitakauka upesi. Tafadhali usizipandishe kabla hujamaliza kunisoma.

Upesi si sifa ya ubao wa gitaa. Mti mbichi una maji ya namna mbili: yaliyojaa ndani ya vitundu vya seli, na yaliyoshikwa na kuta za seli zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Unyevu ukishafika karibu asilimia 28 au 30, hayo yamekwisha. Kuanzia hapo zinazokauka ni kuta, na ubao unaanza kusinyaa. Joto la darini linakausha tabaka la nje wakati ndani bado kubichi. La nje linataka kujikunyata, la ndani halijawa tayari kulifuata, basi la nje linachanika. Ncha za ubao ndizo huumia zaidi, kwa sababu maji hupitia huko kwa kasi kubwa mno kuliko kwenye mapana yake. Ndiyo maana kipande kibichi hupakwa nta au rangi nzito kwenye ncha siku ileile kinapokatwa, si wiki inayofuata.

Tena ubao hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kutoka moyo wa mti kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi, na kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji wake unasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Kwa sprusi, mti wa nchi za baridi unaotumika kwa kifuniko, yaani uso wa mbele wa gitaa, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, ni kama asilimia 4 upande mmoja na 8 upande wa pili. Unaponunua ubao wa kifuniko cha gitaa, tazama ncha yake: mistari ya pete isimame wima. Ikilala, au ikipinda kama upinde, usichukue hata ukipunguziwa bei.

Hebu tupige hesabu. Kifuniko cha gitaa chenye upana wa milimita 400, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 8, kinapungua upana kwa zaidi kidogo ya milimita 2. Ubao ukiwa umelala peke yake rafuni, hizo milimita 2 hazina neno. Ukiwa umeshagundishwa kwenye mbavu na mihimili ya ndani hauna pa kwenda, na ubao utapata ufa gitaa likiwa nyumbani kwa mteja. Gitaa lilipasuka nyumbani kwa mteja, lakini kosa lilifanyika stoo.

Kwa hiyo stoo ni ya kutunza hewa kwanza, mbao baadaye. Ubao hufuata hewa iliyouzunguka. Kwenye joto la kawaida la chumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 45 itaufikisha ubao kwenye asilimia 8 hadi 9; hewa ya 65 itaufikisha kwenye 12 hivi; hewa ya 80, kwenye 16. Watengenezaji wengi wa magitaa hulenga hewa ya kati ya 40 na 50, nami sioni sababu ya wewe kubuni lengo lako. Ukishindwa kuishika hewa ya chumba kizima, usihangaike nacho. Tengeneza kabati moja linalofunga vizuri, uweke humo mashine ndogo ya kupunguza unyevu, na seti, yaani jozi za vipande vyembamba vya ubao mmoja, utakazozifanyia kazi karibuni ndizo zikae humo. Mbao nene zinazosubiri miaka zinaweza kubaki nje ya kabati, kwenye kivuli penye hewa inayopita. Ila mihimili na kifuniko vigundishwe siku ambayo hewa ya karakana inalingana na ya kabati. Mafundi wengi hulipuuza hili: wanaitunza seti vizuri mwaka mzima, kisha wanaitoa na kuigundisha siku ya mvua kubwa.

Kipima unyevu wa hewa ulichonunua usikiamini kabla hujakijaribu. Chukua chumvi ya mezani, iloweshe kwa maji kidogo iwe uji mzito, iweke kwenye mtungi unaofunga barabara pamoja na kipimo, bila kugusana. Kesho yake kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, andika mgongoni mwake "ongeza 5" uendelee na kazi. Jaribio hili wachache hulifanya, na sijui kwa nini, maana halina gharama.

Vile vipimo vya sindano za kuchoma kwenye ubao vina kazi yake, lakini vinahitaji kurekebishwa kwa kila aina ya mti, na chini ya asilimia 6 au 7 usivitegemee. Mimi napenda mizani. Pima ubao, andika uzito na tarehe juu yake, urudie baada ya wiki kadhaa. Uzito ukiendelea kushuka, bado. Ukisimama palepale huku hewa haijabadilika, ubao umekubaliana na chumba. Ungeniuliza ununue nini kwanza, mashine ya hewa au mizani, ningesema mizani.

Andika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, kwani wino huzama kwenye nyuzi za mti. Andika aina ya mti, ulikotoka, tarehe uliyoupata, uzito. Seti ya vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja ili vifunguke kama kitabu, ipigie pembetatu inayovuka vipande vyote viwili, halafu uifunge pamoja. Kipande kikipoteza mwenzake hakina thamani ya nusu ya seti. Hakina thamani karibu yoyote.

Kupanga kwenyewe hakuna siri. Vijiti vikavu vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake, maana kikisogea pembeni ubao utajifunza kupinda. Weka kijiti karibu na kila ncha, kisha uzito juu ya rundo. Usiegemeze mbao ukutani wala usizilaze kwenye sakafu ya saruji, inayopitisha unyevu na kuwakaribisha mchwa. Zifunike kwa kitambaa kisichopitisha mwanga, kwa sababu sprusi hugeuka rangi, na ubao uliofunikwa nusu utakuwa na mstari. Nailoni usitumie kwa ubao usiokauka, utafuga ukungu. Unyevu ukiwa juu ya asilimia 20 ndipo ule ukungu wa bluu unapopata maisha.

Bungua nao. Hawa hupenda sehemu nyeupe ya nje ya miti ya majani mapana, yenye wanga. Matundu peke yake hayakuambii kitu, huenda ni ya zamani na wadudu walishaondoka. Yapanguse, tandika karatasi nyeusi chini, usubiri. Ukiona unga mpya laini, utoe ubao huo stoo siku hiyohiyo. Kama ni seti nyembamba, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Umeniuliza ubao ukae muda gani. Kauli ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, nami naiona kuwa makadirio tu. Mpingo na mti mwingine mzito kama huo haufuati ratiba hiyo, unataka subira zaidi. Baada ya kukauka, miaka inaendelea kusaidia: sehemu ya kuta za seli inayopenda maji kuliko zote huvunjika polepole, na ubao wa zamani hunyonya unyevu kidogo kuliko mpya. Mengine yanayosemwa kuhusu sauti ya mti mzee nayasikiliza kwa heshima bila kuyalipia.

Kuhusu mpingo wako, tafuta bahasha ya kutunzia stakabadhi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Aina moja ya Brazil, Dalbergia nigra, ilikwisha kuwekwa kwenye orodha kali zaidi tangu 1992. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti, isipokuwa zenye hiyo ya Brazil. Mbao zenyewe hazikulegezewa. Ukitaka kuzivusha mpaka utadaiwa kibali, na kibali hutolewa kwa mtu anayeweza kuonyesha mti ulitoka wapi. Kwa hiyo stakabadhi ya kila ubao ipe namba ileile iliyo kwenye ubao, na zote zikae kwenye bahasha hiyo.

Basi usinunue zaidi ya zile ambazo kabati na rafu zako zinaweza kuzibeba. Najua umeahidiwa rundo lote kwa bei ya kutupa. Chagua zenye pete zilizosimama, nyingine mwachie mwenye rundo.

Zile ulizo nazo tayari usizipandishe darini; leo ncha uzipake nta, upime uzito. Namba zikiwa tayari niandikie, pamoja na kile kipimo ilichosoma kwenye mtungi wa chumvi, nikuambie mbao ipi uanze nayo.

Mama yako